Jani Kavu Mlangoni kwa Namkunda

Paukwa!

Pakawa!

Hapana, hiyo si sauti ya watu walioshiba. Walio karibu na moto wameitika, walio nyuma wamepiga miayo. Tena! Paukwa!

Pakawa!

Naam. Hapo zamani za kale, zama zile watu na wanyama wakikaa baraza moja na kugombana kwa lugha moja, palikuwa na kijiji kule milimani kikiitwa Kwamgunda. Jumbe wake alikuwa Nyati. Mpiga mbiu wake alikuwa Hondohondo, ndege mwenye domo kubwa kuliko habari zenyewe. Na mhunzi wake alikuwa mtu mmoja, Mrindoko, aliyefua majembe mazuri kuliko yote ya mlimani. Mikono yake ilikuwa na nguvu, na roho yake ilikuwa na wivu.

Nikisema wivu, msidhani ni ule wa kununa kidogo, ukapewa uji ukaisha. Mrindoko alikuwa na wivu wa kulala nao na kuamka nao. Mkewe aliitwa Namkunda, mfinyanzi, mwanamke mchangamfu anayecheka mpaka akashika mbavu. Kila siku ya gulio alijitwika vyungu akashuka sokoni, na njiani alisalimiana na kila mtu. Akimsalimu mzee, Mrindoko anaumia. Akimsalimu kijana, Mrindoko anaumia. Akimsalimu punda, Mrindoko anaumia pia, maana punda naye alikuwa dume.

"Yule uliyesimama naye mferejini ni nani?"

"Ni mjomba wako, mume wangu."

"Na mbona alicheka?"

"Nilimwambia shuka lake amelivaa ndani nje."

"Umejuaje liko ndani nje kama hukumtazama?"

Haya, mjibu mtu kama huyo. Namkunda alikuwa akichukua udongo wake na kuanza kukanda.

Lakini hao wote walikuwa wadogo. Aliyemkosesha raha hasa alikuwa Mbaga, mrina asali. Mbaga hakuwa mzuri wa sura. Utotoni aliishi nchi ya mbali, akaugua huko ugonjwa uliomwachia uso wa mashimo mashimo. Lakini maneno alikuwa nayo. Alikuwa akipita uani na asali yake, anasema jambo moja tu, Namkunda anaangua kicheko, na yeye keshapita zake. Mrindoko anabaki kwenye fuawe akijiuliza: Amesema nini? Amesema nini? Amesema nini? Anapiga chuma kwa hasira mpaka jembe linakuwa jembamba halifai kitu.

Basi mwaka mmoja, mwisho wa mavuno, likaingia gonjwa. Watu waliliita madoa-moto. Lilianza na homa, yakafuata madoa mekundu mikononi, madoa yakajaa maji, kisha mtu ama anapona ama anazikwa. Alianza Digidigi na watoto wake watatu. Akafuata Kondoo. Ikafuata nyumba ya msuka mikeka. Kijiji kizima kikaingiwa na hofu. Watu waliacha kupeana mikono. Ukikohoa kwa sababu ya pilipili, watu wanakukimbia na chakula wanakuachia.

Jumbe Nyati akaita baraza, kila mtu akae hatua tano mbali na mwenzake. Akasimama akasema:

"Sikilizeni. Sheria ya kwanza: nyumba yenye madoa ifungwe jani kavu la mgomba mlangoni. Likishafungwa, halifunguliwi mpaka zipite siku kumi na nne. Sheria ya pili: yeyote atakayeona madoa afunge jani hapo hapo, na asiulizwe kitu. Hatuna nafasi ya kesi. Sheria ya tatu: walio wazima watoke katika nyumba hiyo, wala asiingie mtu ila aliyewahi kuugua akapona, maana gonjwa hili halimrudii mtu. Na kila atakayepona atauguza wengine, aanze na wa nyumba yake. Atakayekataa, atuhame."

"Sawa, Jumbe!" watu wakaitikia.

Sheria zilikuwa na maana yake, tusimwonee Nyati. Kifo kilikuwa kinapita nyumba kwa nyumba naye alitaka kukizibia njia. Lakini alikuwapo Nungunungu, jirani yake Mrindoko, mwanamke mwenye tabia ya kuuliza. Akanyoosha mkono.

"Samahani, Jumbe. Na mtu akifunga jani la uongo?"

Nyati akamtumbulia macho. "Mama Nungu, nani atafanya mchezo na kifo?"

"Nimeuliza tu. Na aliyefungiwa akisema yeye mzima, nani atamsikiliza?"

"Hakuna. Digidigi alisema mzima. Kondoo alisema mzima. Tumewazika wote. Keti."

Nungunungu akaketi. Mrindoko alikuwa pembeni kabisa. Sheria ya kwanza aliisikia yote. Ya pili aliisikia yote. Ya tatu aliisikia nusu, kwa sababu kichwa chake kilikuwa kimeshaondoka na zile siku kumi na nne. Siku kumi na nne bila gulio! Siku kumi na nne bila mfereji, bila salamu, bila asali! Alirudi nyumbani na furaha ambayo yeye mwenyewe aliionea haya.

Mchana wa siku ya pili Namkunda alichoma vyungu. Vilikuwa arobaini, kazi ya mwezi mzima. Alipomaliza alikuwa hoi, akaingia ndani akajitupa kitandani bila kunawa. Udongo mwekundu ulikuwa umemrukia mikononi, matone matone, na moto ulikuwa umempasha uso. Mrindoko akasimama mlangoni akamtazama. Alimpenda, hilo lazima niliseme. Ila kila jicho jingine lililomwangalia mkewe aliliona limemwibia yeye.

Akaenda nyuma ya kiwanda chake. Akachuma jani kavu la mgomba. Akarudi taratibu, akalifunga mlangoni mwa nyumba yake mwenyewe. Fundo la kwanza. Fundo la pili. Fundo la tatu. Kisha akavuka ua, akaingia kiwandani, akaanza kupiga chuma kana kwamba hajui lolote.

Haikuchukua muda Hondohondo akapita juu. Akaliona jani. Akafunua lile domo lake.

"Jaaani! Jani kwa mhunzi! Jaaani!"

Watu wakaja mbio, wakasimama mbali. Mmoja akachungulia dirishani kutoka hatua tano, akaona mikono ya Namkunda. "Madoa! Nimeyaona kwa macho yangu!" Mwingine akasema ameona uso umewaka. Mwingine hakuona kitu lakini naye akasema ameona. Namkunda akashtuka usingizini, akavuta mlango, akakuta nje umeegemezwa gogo.

"Kuna nini?"

"Una madoa!"

"Huu ni udongo, jamani! Leteni maji ninawe muone. Mimi mzima!"

"Ndivyo wanavyosema wote."

"Mimi mzima!"

"Ndivyo wanavyosema wote."

"Mimi mzima! Mume wangu, waambie! Si umeniona asubuhi nikibeba kuni?"

Mrindoko alikuwa ameshatoka kiwandani, amejitia mshangao. Akatazama chini. "Tulia, mke wangu. Ni kwa faida yako."

Kisha akavuta kigoda ili akae pale pale mlangoni, alinde. Hondohondo akatua mbele yake.

"Wewe, ondoka hapo. Sheria ya tatu. Mzima halali nyumba ya jani."

"Nani basi atampa chakula?"

"Si muuguzi? Waliopona hapa kijijini ni watatu. Bibi Nakijwa yuko kwa msuka mikeka. Ngedere yuko kwa Beberu. Amebaki mmoja."

Mmeshamjua? Mrindoko yeye alichelewa kumjua. Alimjua aliposikia sauti njiani.

"Hodi hapa! Shemeji, hodi!"

Mbaga huyo, mkoba begani, blanketi kwapani, na bao lake la kuchezea chini ya mkono. Akampa Mrindoko pole. "Usihofu, ndugu yangu. Shemeji nitamtunza." Akaondoa gogo, akaingia, wakalirudisha gogo mahali pake. Mrindoko akabaki uani na kigoda chake.

Haya basi. Kosa la kwanza la sheria ile tumeliona. La pili likafuata saa hiyo hiyo. Hondohondo aliviona vyungu uani, arobaini, bado vina joto. "Vyombo vya nyumba ya jani vinabeba gonjwa. Vivunjwe!" Watu wakaokota mawe. Walivivunja kutoka mbali, kimoja kimoja, na kila kilipopasuka Namkunda alikuwa dirishani akitazama. Hakulia kwa sauti. Mrindoko alitaka kusema, Acheni, vyungu havina kosa. Lakini angesema hivyo wangemuuliza anajuaje. Akameza.

Ndani, Mbaga alimwosha Namkunda mikono. Maji yakawa mekundu, mikono ikawa safi. Akaja dirishani akaita: "Hondohondo! Mwambie Jumbe ulikuwa udongo! Huyu hana doa hata moja!"

Hondohondo akaenda, akarudi. "Jumbe anasema madoa mengine hutokea ndani. Siku kumi na nne."

Namkunda akaketi chini. Mlango aliuzoea wa kutokea, sasa anautazama tu. Akaanza kuimba, na wimbo ule ulisikika hadi mferejini:

*Mimi mzima, mimi mzima,*
*mlango ndio unaoumwa;*
*mlango upeni dawa,*
*mimi nipeni njia.*

Mbaga alilala jikoni, Namkunda chumbani, na msiniulize zaidi maana hapakuwa na zaidi. Mchana walicheza bao. Siku ya kwanza Namkunda hakutaka hata kushika kete. Siku ya tatu alicheza akafungwa. Siku ya nne alimfunga Mbaga, na Mbaga akalalamika jinsi alivyoonewa, na Namkunda, kwa mara ya kwanza tangu jani lifungwe, akacheka.

Kicheko kile kilivuka ua kikamkuta Mrindoko kwenye mivukuto. Alihisi kama amemeza kaa la moto. Amesema nini? Amesema nini? Amesema nini? Nyundo ikamponyoka. Akatoka mbio mpaka kwa Jumbe.

"Jumbe, nibadilishie muuguzi."

"Nikupe nani? Bibi Nakijwa ana wagonjwa wanne. Rudi kwako."

Siku ya sita kicheko kikaja tena. Akaenda tena.

"Jumbe, niingie mimi nimuuguze mwenyewe."

"Una kovu?"

"Sina."

"Rudi kwako."

Siku ya nane hakusikia kicheko. Hakusikia kitu. Hilo likamtesa kuliko kicheko. Akaenda mara ya tatu.

"Jumbe, labda amepona. Labda hata hakuugua. Tulifungue lile jani."

Nyati akainua kichwa, akamtazama kwa makini. "Kwa nini unasema hakuugua?"

Hapo, ndugu zangu, hapo njia ilikuwa wazi. Neno moja lingetosha. Mrindoko alifungua kinywa. Moyoni akamwona Namkunda akisikia kwamba ni yeye aliyelifunga. Akamwona akifunga nguo zake na kuondoka, akapita kwenye gulio mbele ya macho ya kila mtu. Akafunga kinywa.

"Nilikuwa nasema tu, Jumbe."

Alipokuwa akirudi alipita chini ya dirisha. Namkunda akamwona.

"Mume wangu! Nani alifunga jani?"

"Sheria inasema asiulizwe."

"Simuulizi yeye. Nakuuliza wewe. Ulikuwa hapo uani."

"Nilikuwa nimeshika chuma. Sikuona."

"Ukimjua, mwambie vyungu vyangu vilikuwa arobaini," akasema Namkunda, akaondoka dirishani.

Sasa tazameni mtu mwenye wivu anavyofikiri. Angekuwa mwingine angejuta. Mrindoko naye alijuta, alijuta sana, lakini wivu ulijibanza pembeni ukasubiri majuto yamalize. Kisha ukamwambia: Asiyeugua haingii. Anayeugua je? Wa nyumba moja si wanawekwa pamoja? Ukiugua utalazwa mle ndani, katikati yao, na hilo bao lao litaisha.

Siku ya kumi asubuhi akaenda kwa Beberu kwa mlango wa nyuma, wakati Ngedere amekwenda kuchota maji. Akaingia akajilaza kwenye mkeka wa mgonjwa, ubavu kwa ubavu.

Beberu akafumbua jicho moja. "Wewe nani?"

"Lala."

"Umekuja kuniuguza?"

"Nimekuja kuugua."

Beberu alikuwa taabani, lakini hilo lilimshangaza. "Mimi ningetoa pembe zangu zote mbili nitoke hapa, na wewe unaingia?"

"Una mke?"

"Ninao watano."

"Basi huwezi kuelewa."

Beberu akageukia ukutani. Mrindoko akavuta pumzi ya mgonjwa, akajifunika shuka la mgonjwa, akanywea kata ya mgonjwa. Kisha akatoroka, akarudi kiwandani kusubiri homa.

Siku ya kumi na moja, homa haikuja. Siku ya kumi na mbili, haikuja. Siku ya kumi na tatu, aliamka na baridi mgongoni. Siku ya kumi na nne, siku ya kufungua, alikuwa hawezi kusimama bila kushika ukuta.

Watu walikusanyika uani na ngoma. Hondohondo akalikata jani. Gogo likaondolewa. Namkunda akatoka, akasimama kwenye jua, akafumba macho. Jumbe Nyati akaja na uzi mweusi, akamfunga mkononi, ndiyo alama ya waliopona.

"Jumbe, mimi sikuugua," akasema Namkunda.

"Wengi hawakumbuki, mwanangu."

"Nakumbuka siku zote kumi na nne. Hata moja sikuugua."

Watu wakacheka kwa furaha, wakapiga vigelegele. Mrindoko akasogea amkaribishe mkewe. Alipiga hatua moja. Alipiga hatua ya pili. Ya tatu hakuifikisha. Alianguka kifudifudi, na nguo ilipomfunuka wote wakaona: madoa mgongo mzima, si ya udongo safari hii. Ngoma zikanyamaza, watu wakarudi nyuma wakikanyagana. Wenye moyo wakamsukumia ndani kwa miti mirefu, wakamlaza kitandani, jani jipya likafungwa. Na wakati huo huo Ngedere akafika amejishika kichwa: Beberu amekufa alfajiri.

Jumbe akamgeukia Namkunda. "Wewe umepona. Sheria inasema aliyepona aanze na wa nyumba yake. Mumeo huyo."

Mbaga akapiga magoti. "Jumbe, nakuomba, niingie mimi! Huyu hajawahi kuugua, nimekaa naye. Akiingia humo tutamzika!"

"Wewe unatakiwa kwa Punda. Na uzi nimeshamfunga mbele ya watu. Unataka niseme Jumbe amekosea?"

Namkunda akatazama mlango wake. Alikuwa ametoka hata jasho halijakauka. Aliogopa, na hakuona haya kuogopa.

"Leteni kibuyu cha maji," akasema. "Ni mume wangu. Siwezi kumwacha afe na kiu."

Mrindoko alisikia yote kutoka kitandani. Alisikia hatua za mkewe zikivuka ua. Na mjue kwamba jambo la kwanza lililomjia lilikuwa furaha. Namkunda anakuja! Mlango mmoja, wao wawili, na Jumbe mwenyewe ndiye mlinzi. Hakuna gulio, hakuna Mbaga. Alikuwa amepewa kile alichokitamani tangu siku ya ndoa yao. Akatabasamu kule gizani mwa chumba.

Kisha akauona mkono wake mwenyewe juu ya blanketi. Yale madoa yalikuwa yameanza kujaa maji. Akamkumbuka Beberu alivyogeukia ukutani. Akaiona mikono ya Namkunda, ile mikono ya kukanda udongo, ikiwa hivyo.

Akajiviringisha akaanguka chini. Akatambaa. Alifika mlangoni wakati gogo linaondolewa, akaegemeza mgongo akausukuma mlango kwa nguvu zote zilizobaki.

"Usiingie! Hajaugua huyo!"

Nje Hondohondo akasema, "Anaweweseka. Homa imempanda."

"Usiingie! Hajaugua!"

"Wagonjwa wote husema maneno. Sukumeni mlango."

"Usiingie, Namkunda! Mimi ndiye niliyefunga jani!"

Namkunda akaweka kibuyu chini. Akageuka akawaambia watu, "Nyamazeni." Wakanyamaza. Akasogea mpaka karibu na mlango, lakini hakuugusa.

"Sema tena."

"Ulikuwa udongo. Ulilala bila kunawa. Nilichuma jani nyuma ya kiwanda, nikalifunga mafundo matatu, nikarudi kupiga chuma. Hukuugua hata siku moja."

"Kwa nini?"



"Wivu," akasema Mrindoko. "Nilitaka usionwe na mtu. Sasa nakuomba uondoke hapo. Ukiingia utakufa, na mimi nitakuwa nimekuua mara mbili."

Watu waliotazama wanasema Namkunda alisimama hapo muda wa kuchota maji na kurudi. Kisha akaufungua ule uzi mweusi mkononi mwake, akamwekea Jumbe Nyati miguuni, akarudi nyuma hatua tano, akaketi chini na kulia. Alilia kwa sauti, akavililia vyungu, akazililia siku, akamlilia na yule mpumbavu nyuma ya mlango. Nungunungu akaja akaketi kando yake, hatua zile zile tano. Safari hii hakuuliza kitu.

Nyati alisimama na pembe zake, hajui azielekeze wapi. Mwisho akasema, "Mbaga, ingia wewe."

Mbaga akaingia. Alimkuta Mrindoko mlangoni amezimia, akambeba kitandani. Alimlisha, alimwosha, alimgeuza. Mrindoko alipozinduka na kumwona ni nani, machozi yalimtoka.

"Siku kumi na nne nilitamani kumtia konzi aliyefunga lile jani, kumbe ni wewe," Mbaga akamwambia. "Sasa funua mdomo, kunywa uji."

"Mbaga. Pale uani, ulipokuwa ukipita na asali, ulikuwa ukimwambia nini akicheka?"

Mbaga akafikiri. "Sikumbuki, ndugu yangu. Maneno ya kupita tu."

Huko nje Nyati aliita baraza. Haikumpendeza, lakini aliita. Akasema jani litabaki, kwa sababu gonjwa bado lipo na halimwonei mtu huruma. Lakini kuanzia leo anayefunga atataja jina lake, watu wawili waliopona watakwenda kukagua, na aliyefungiwa atasikilizwa kwanza hapo mlangoni pake. Nungunungu akanyoosha mkono. Nyati akashusha pumzi. "Uliza, Mama Nungu. Uliza yote." Na vyungu arobaini vilifinyangwa na kijiji kizima, vibaya vibaya, vingine vimepinda shingo, wakamletea Namkunda. Alivipokea, akavicheka sana.

Mrindoko alipona. Siku jani lilipokatwa alitoka amekonda, uso una mashimo mashimo. Uani alimkuta Namkunda amesimama, nguo zake zimefungwa kwenye kanga, ameshazitwika.

"Nimesubiri upone," akasema Namkunda. "Sikutaka kukwambia ukiwa huna nguvu. Neno ulilosema mlangoni liliniokoa, nalo nakushukuru. Lakini jani pia ulilifunga wewe. Nakwenda kwetu."

"Utarudi?"

"Sijui. Nikitaka nitarudi. Nisipotaka sitarudi. Na wewe usinifuate kuniuliza."

Akashika njia. Ilikuwa siku ya gulio, watu wengi. Alimsalimu mzee mmoja. Alimsalimu kijana mmoja, wakasimama, wakaongea, wakacheka. Miguu ya Mrindoko ilitaka kwenda. Alikaa kwenye kizingiti akashika mwimo wa mlango kwa mikono yote miwili, akamtazama mkewe akishuka mlima, akisimama kila anapotaka kusimama, mpaka akaingia katikati ya watu na hakumwona tena. Hakuinuka.

Najua mtaniuliza: alirudi, hakurudi? Hilo ni la Namkunda, na mimi hakunituma kulisema. Hadithi yangu inaishia hapa mlangoni, na mlango nimeuacha wazi. Kalaleni.